Kipande, Fungu na Kitu Kizima: Maoni juu ya Ufundishaji wa Kazi za Mikono

Katika mazoezi ya kufundisha tumekuwa tukiketi nyuma ya madarasa mengi ya wilaya ya Kyela, daftari mkononi, tukiwasikiliza wanachuo wetu wakifundisha kazi za mikono. Aghalabu somo huenda hivi. Mwalimu husimamisha kiti mbele ya darasa na kuwauliza watoto majina ya sehemu zake. Watoto hutaja: mguu, mguu, mguu, mguu, kalio, kiegemeo. Mwalimu huyaandika majina hayo sita ubaoni, moja chini ya jingine, watoto hunakili, kengele hulia, na katika kitabu cha maandalio huandikwa kwamba lengo la somo limefikiwa.

Sisi tunaona kwamba lengo halijafikiwa. Orodha ile ya majina sita haimwambii mtoto ni kipande gani kimeshikana na kipi, kimeshikanishwa kwa njia gani, wala ni kipi kilitangulia kuunganishwa. Haimwambii kwamba miguu miwili ya mbele na upapi unaoishikanisha vimekuwa kitu kimoja tangu fundi alipotia gundi, ilhali kalio lingeweza kufunguliwa kesho kwa bisibisi. Mtoto aliyefundishwa hivyo anajua kutaja, lakini hajui kitu kimejengwaje. Maoni yetu ni kwamba vipande vya kitu chochote kilichoundwa vipangwe mbele ya watoto kwa kufuata maungio yake: kilichounganishwa kwa kudumu kihesabiwe kuwa kitu kimoja, chenye jina lake na orodha yake ya ndani; na kinachofunguka kihesabiwe mbali.

Hatukuyapata maoni haya vitabuni. Tuliyapata kwa aibu, na yafaa tuieleze aibu hiyo waziwazi ili wanachuo wasije wakairudia.

Miaka mitatu iliyopita tuliwapeleka wanachuo 9 katika shule moja ya mwambao, upande wa Ikombe, ambako milima ya Livingstone hushuka hadi karibu na maji na kuacha ukanda mwembamba tu wa kujenga na kulima. Shule ilikuwa na upungufu wa madawati. Wazazi walichanga fedha, chuo kikaongeza, nasi tukaona kwamba hapo pana somo zuri kabisa la kuunganisha darasa na maisha: watoto wa darasa la sita walichore dawati, wahesabu vipande, waandike orodha, kisha orodha ipelekwe kwa fundi wa kuchomelea mjini, naye atengeneze madawati 12.

Dawati lenyewe halikuwa gumu. Lilikuwa na mbavu mbili za bomba la pembe nne, kila ubavu ukiwa na vipande 6. Mihimili 3 ya kushikanisha mbavu hizo, kila muhimili ukiwa na kipande cha bapa chenye matundu mawili kwa kila upande. Na mbao 3, ya kuandikia, ya kuwekea vitabu na ya kukalia. Mihimili ilikusudiwa kufungwa kwenye mbavu kwa bolti 12, na mbao kwa bolti nyingine 12. Watoto walihesabu vizuri sana. Waliandika: vipande vya chuma 21, mbao 3, bolti 24, jumla 48. Wanachuo wakasahihisha, sisi tukatia saini. Juu ya sehemu ya kwanza ya orodha tuliandika kwa mkono wetu wenyewe: “Vipande vya chuma 21. Vichomelewe.”

Fundi alifanya kama alivyoambiwa. Alivichomelea vyote 21. Alizipachika zile bapa kwenye mbavu, akakaza bolti, kisha akazungushia moto ukingo wote ili, kama alivyotueleza baadaye kwa nia njema kabisa, watoto wasije wakalilegeza dawati kwa kulitikisa. Hata nyuzi za bolti zilirukiwa na matone ya chuma. Hatukuwa na la kumlaumu. Neno lilikuwa letu.

Sasa msomaji na akumbuke jiografia ya mahali. Kwa muda mrefu mitumbwi ndiyo imekuwa ikibeba mizigo kati ya Ikombe na upande wa Matema. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu ambavyo husifiwa mbali na hapa, na siku ya Jumamosi huvileta katika soko la Lyulilo, jirani na Matema. Tulikuwa tumepanga kwamba mitumbwi itakayoshusha vyungu irudi na madawati yetu yakiwa yamefunguliwa: mbavu zimelazwa chini, mbao juu yake, bolti ndani ya kopo. Lori likashusha pale ufukweni madawati 12 mazima, kila moja pana kuliko mtumbwi wowote uliokuwapo. Wapiga kasia wanne walikubali kubeba dawati moja moja, wakiwa wamelikalisha juu ya kingo za mtumbwi, na sisi tulisimama tukiwatazama hadi walipopinda rasi, tukiomba upepo usibadilike. Manane yalibaki chini ya mwembe.

Mama mmoja mfinyanzi, aliyekuwa akifunga vikapu vyake, aliyazunguka yale madawati mara mbili.

“Mwalimu,” akauliza, “haya yanafunguka wapi?”

“Hayafunguki tena, mama. Yamechomelewa.”

“Basi mmeyachoma kabla hayajafika. Sisi chungu tukishakitia motoni, hatukigusi tena mdomo wala shingo.”

Hatukuwa na jibu la kumpa. Manane yale yalikaa chini ya mwembe muhula mzima, na muhula mzima watoto walioyahesabu vizuri vile waliendelea kuandika wakiwa wameketi sakafuni, daftari juu ya mapaja.

Maneno ya mama yule yana elimu zaidi ya maelezo mengi ya ufundi tuliyopata kuyasoma. Chungu hujengwa kwa madonge ya udongo mbichi, na wakati udongo ungali mbichi kila donge laweza kubanduliwa, kuongezwa au kusawazishwa. Mfinyanzi pia anajua kwamba donge bichi halishiki vema juu ya udongo uliokwisha kukauka. Ufa utatokea pale pale kwenye ungio. Kwa hiyo ana mpangilio kichwani: kipi kitangulie, kipi kifuate kabla hakijakauka. Moto ndio mpaka. Kabla ya moto ana vipande; baada ya moto ana kitu kimoja. Uchomeleaji wa chuma nao ni moto, na mpaka wake ni ule ule. Tulikuwa tumewafundisha watoto kuhesabu vipande pasipo kuwaonyesha mpaka huo.

Ziwa letu lilikwisha kuliona jambo hili zamani. Meli ya kwanza ya mvuke kuelea katika Ziwa Nyasa, Ilala, iliingia mwaka 1875 baada ya kusafiri ikiwa vipandevipande. Mto Shire una maporomoko ambayo chombo hakiwezi kuyapanda. Mamia ya wapagazi waliibeba kwa nchi kavu kuyapita, na juu ya maporomoko ikafungwa tena kwa bolti. Ni dhahiri kwamba aliyeisanifu alilifikiria bega la mtu tangu alipoanza kuchora. Katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo twaijua kwa jina la MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa, ikafungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ribiti zake zilipigwa huko huko Kigoma, na mwezi Februari 1915 ikashushwa majini. Ribiti haifunguki pasipo kukatwa. Ikawa basi maungio ya kudumu yalisubiri safari ya mwisho ya nchi kavu iishe. Na hapa hapa Kyela, bandarini Itungi, katika miaka ya 2010 zilijengwa meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya kubeba tani 1,000. Zilichomelewa ufukweni, kwa sababu meli ya namna hiyo ikishachomelewa hakuna barabara ya kuipitisha. Madawati yetu yalikuwa madogo mno ukilinganisha na meli, lakini kosa la kuchomelea upande usiofaa wa safari halina udogo.

Baada ya aibu ile tulimwendea rafiki yetu mmoja anayefundisha katika chuo cha ufundi, atuchoree dawati upya. Yeye huchora kwa kompyuta. Tulidhani ataanza kwa kuuliza vipimo. Aliuliza: “Katika dawati hili, kipi hakitafunguliwa kamwe?” Tulitazamana. Sisi watu wawili wenye diploma, tuliokwisha kulichora dawati lile ubaoni mara nyingi, hatukuwa tumewahi kujiuliza swali hilo.

Alituonyesha kwa nini analiuliza. Katika programu za kusanifu kwa kompyuta mchoraji hachori picha tu. Hutengeneza kila kipande peke yake, kisha huvikusanya vipande katika mafungu, na mafungu katika kitu kizima. Pembeni mwa kioo kuna orodha yenye matawi, mithili ya ukoo: dawati juu, chini yake ubavu, chini ya ubavu vipande vyake sita. Ukiufunga tawi la ubavu unaona jina moja tu. Ukilifungua unaviona vyote. Wenye programu hizo wenyewe hawakubaliani jinsi ya kukiweka kitu kilichochomelewa. Katika SolidWorks, kwa kawaida fremu ya kuchomelea huwekwa ndani ya faili moja la kipande, ingawa ndani yake mna miili mingi, na programu huiandalia orodha ya ukataji. Katika Inventor hufanywa kuwa mkusanyo wa vipande unaopitia hatua tatu: maandalizi kabla ya kuchomelea, uchomeleaji wenyewe, na kazi ya mashine baada ya kuchomelea. FreeCAD, ambayo hutolewa bure, ilipata zana zake yenyewe za kukusanya vipande katika toleo la 1.0 la Novemba 2024, na rafiki yetu huitumia hiyo kwa sababu chuo chake hakina fedha za nyingine.

Njia ya kwanza husema: hiki ni kitu kimoja, kumbuka tu kilikatwa vipi. Njia ya pili husema: hiki kina historia, ifuate hatua kwa hatua. Kwa fundi mwenye haraka huenda ya kwanza ikatosha. Kwa mtoto wa shule sisi twaichagua ya pili, tena pasipo kusita, kwa ajili ya ile hatua ya tatu. Tulipotaka kuyaokoa yale madawati manane tuliyakata mihimili, tukaagiza mihimili mipya ambayo bapa zake zilitobolewa kwanza na kuchomelewa baadaye. Ilipofika ufukweni, matundu mengi hayakulingana na yale ya ubavuni, kwa tofauti ya milimita mbili tatu. Moto huivuta chuma. Kinachopimwa kabla ya moto hakibaki vile baada ya moto. Mara ya tatu tulichomelea kwanza, tukaacha chuma kipoe, ndipo tukatoboa kwa kufuata kiolezo cha bati, na bolti zikaingia kwa vidole. Mtoto anayejifunza kwamba tundu laweza kuwa la kabla au la baada ya moto amejifunza jambo ambalo hata mafundi wengine hulipata kwa hasara.

Tunajua mwanachuo atauliza: shule ya msingi isiyo na kompyuta ifanye nini na mambo haya? Ifanye kwa bahasha. Tumelijaribu somo hili kwa miaka miwili sasa, na zana zake zinapatikana katika duka lolote la Ipinda: bahasha za kaki za ukubwa wa aina tatu, gundi, uzi, na kadi zilizokatwa kwenye maboksi. Kila kadi ni kipande kimoja, na juu yake mtoto huandika jina na kipimo. Kadi za vipande vitakavyochomelewa pamoja huingia katika bahasha moja, na bahasha hiyo hubandikwa kwa gundi. Vinavyofungwa kwa bolti huingia katika bahasha iliyofungwa kwa uzi. Bahasha zote huingia katika bahasha kubwa iitwayo Dawati.

Gundi ndiyo mwalimu. Bahasha ikishabandikwa mtoto hawezi kuchungulia ndani, kwa hiyo hulazimika kuandika juu yake, kabla ya kuibandika, kilichomo: “Ubavu. Vinahitajika 2. Ndani mna vipande 6.” Siku ya kwanza, kundi moja liliibandika bahasha ya muhimili likiwa limesahau bapa moja nje. Kiongozi wa kundi akanyoosha mkono: “Mwalimu, tumefunga kabla ya kuhesabu. Tuichane?” Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alitutazama sisi, nasi tukatazama dirishani ili aamue mwenyewe. Akasema ichanwe, lakini bahasha nyingine watainunua kwa kufanya hesabu tatu za ziada. Tulimpa alama nzuri kwa jibu lile.

Ukurasa wa juu wa orodha, somo likiisha, huwa na mistari minne tu: mbavu 2, mihimili 3, mbao 3, bolti 24 pamoja na nati na washa zake. Mzazi anayekuja kupokea mzigo ufukweni anaweza kuuhakiki kwa mistari hiyo minne. Orodha ya ndani ya ubavu haimhusu. Ni ya fundi. Na bado orodha hiyo ya ndani isitupwe, kwa kuwa ndimo hesabu ya ununuzi ilimo. Hapa tulipata kipindi cha Hisabati ambacho hatukukitarajia. Bomba huuzwa likiwa na urefu wa mita 6. Nguzo ya ubavu ina sentimita 70. Watoto waligawanya: nguzo 8, baki sentimita 40. Mguu wa kiti una sentimita 38. Basi wakasema kwamba baki latosha mguu mmoja wa kiti, na ubaoni ilikuwa kweli. Fundi alipokata akakosa. Kila mkato wa msumeno hula milimita 3 hivi, na mikato ni 8: milimita 24 zimekuwa vumbi, baki ni sentimita 37.6. Mguu umepungua kwa milimita 4. Watoto waliikasirikia hesabu ile kama waliodhulumiwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyesahau kuuliza upana wa msumeno.

Baada ya bahasha tunashauri kitu halisi, na hakuna kilicho bora kuliko baiskeli. Kila kijiji cha bonde la Kyela kina baiskeli, na kila mtoto amemwona fundi akiipindua chali chini ya mti. Fremu ni fungu la kudumu. Gurudumu hufunguka. Je, spoku? Hufunguka pia, lakini gurudumu husafiri likiwa zima. Basi gurudumu ni fungu linalofunguka, ndani ya baiskeli inayofunguka. Waacheni watoto wabishane. Katika darasa moja ubishi ulihamia kwenye msumari, na hapo sisi wenyewe tulikwama. Je, mbao zilizopigwa misumari zimeungana kwa kudumu? Nusu ya darasa ilisema hapana, kwa sababu msumari hung'oka. Msichana mmoja, ambaye baba yake huunda mitumbwi ya mbao, alisema msumari ukishang'oka mbao haiwi ile ile. Tundu limekwisha kupanuka, na msumari mpya hapo hapo hautashika. Tulimaliza kwa kukubaliana kuwa na aina tatu: kinachofunguka bila kuumia, kinachofunguka kwa kuumia, na kisichofunguka ila kwa kukatwa. Vitabu vingi tulivyonavyo vina aina mbili tu. Sisi tunakaa na ile ya watoto.

Wapo wenzetu vyuoni wanaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Mmoja hutuambia kwamba mtoto huanza na kitu kizima, na kwamba kumpasulia dawati katika mafungu na orodha za ndani ni kumlisha mifupa kabla ya nyama. Tunakubali nusu ya hoja hiyo: dawati zima lazima lisimame mbele ya darasa kipindi chote, walikalie, walitikise. Mwingine husema vipindi havitoshi. Hilo ni kweli; somo la bahasha halifanyiki katika kipindi kimoja, na mwanachuo atakayelibana katika dakika 40 ataambulia bahasha tu. Achukue vipindi viwili mfululizo, au asilianze.

Hoja iliyo nzito zaidi ilitoka kwa mafundi. Kufunguka kuna gharama yake. Bolti hulegea chini ya watoto watatu wanaosukumana, nati hupotea kwenye mchanga, na dawati lenye bolti kila mahali huwa kelele tupu baada ya mwaka mmoja. Yule fundi wetu hakuwa mjinga alipozungushia moto. Ndiyo maana hatusemi kila kitu kifunguke. Tunasema mtoto afundishwe kuuliza kila ungio lina sababu gani ya kufunguka. Kipande kitahitaji kubadilishwa? Kitu kizima kitapita mlangoni, au kitaingia mtumbwini? Pasipokuwa na sababu, kichomelewe, na kiwe kitu kimoja kwenye orodha. Dawati litakalotumika mjini Kyela, linaloshushwa kwenye lori mlangoni mwa darasa, laweza kuwa na mihimili ya kuchomelea na kubakiza bolti za mbao peke yake. Dawati lile lile likienda ng'ambo ya rasi lataka mpangilio mwingine, ingawa kwa macho yote mawili ni sawa.

Bolti za mbao, hata hivyo, hatutaziacha kamwe. Msomaji anakumbuka mwaka 2016, Rais John Magufuli alipoagiza kwamba ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huo mwanafunzi asikae chini. Nchi nzima ilichangia madawati, na ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini katika shule kadhaa tulizozitembelea tangu wakati huo tumeyaona nyuma ya jengo la mwisho madawati yaliyolundikwa, fremu nzima, chuma hakijapinda, ubao mmoja tu umepasuka. Tunapouliza kwa nini halitengenezwi tunaambiwa “dawati limeharibika.” Dawati halikuharibika. Kimeharibika kipande kimoja kati ya vitatu vinavyofunguka, nacho hakina gharama ya kutisha; ila aliyelitazama dawati alifundishwa kuliona ama zima ama bovu. Wakati mwingine ubao ulishikwa kwa vibapa vilivyochomelewa juu yake, na hapo hata mwenye kuona vizuri hawezi kuubadilisha bila kukata chuma. Watoto huketi sakafuni hatua ishirini kutoka kwenye rundo hilo.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Baadhi ya watoto mtakaowafundisha, ndugu wanachuo, watakaa mbele ya zile programu tulizozieleza, na wataulizwa lile swali tuliloulizwa sisi tukiwa watu wazima. Ingekuwa vema wakutane nalo wakiwa darasa la tano, mbele ya baiskeli iliyopinduliwa.

Madawati manane ya chini ya mwembe yalivuka mwaka uliofuata, mbavu zimelazwa, katika mitumbwi mitatu, Jumamosi moja baada ya soko. Yale manne yaliyotangulia mazima bado yapo darasani upande wa pili, na mawili kati yao sasa mbao zake zimepasuka. Bolti zake hazigeuki kwa spana. Nyuzi zilikwisha kuungua siku ile ya kwanza. Wanachuo watakaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao tumewaandikia wachukue misumeno miwili ya chuma, bolti 24, na bahasha.